Muhuri wa barua pepe: unamlinda mkulima, unamfunga pia

MNUNUZI wa mpunga akipiga simu Idete na kutaja bei, kesho yake anaweza kuikana. Akiituma kwa barua pepe, kuikana kunakuwa kugumu zaidi. Sababu ni muhuri ambao wengi hawajapata kuuona, na vikundi vya wakulima wa Bonde la Kilombero vinavyoandikiana na wanunuzi wa mbali, wawe wa mpunga au wa kokoa ya Mbingu, vina haja ya kuujua.

Utaratibu wa barua pepe uliowekwa mwaka 1982 haukuwa na njia ya kumhakiki mtumaji. Ilikuwa kama bahasha: nyuma yake unaweza kuandika S.L.P. ya mtu yeyote. Matapeli wakapata mwanya. Ankara inakuja kwa jina la muuza pembejeo unayemfahamu, namba ya akaunti imebadilishwa, na fedha za msimu mzima zinaondoka.

Dawa mojawapo, iliyopitishwa mwaka 2007, inaitwa DKIM. Kampuni inayokutunzia barua pepe, tuseme Gmail, huigongea muhuri wa kompyuta kila barua inayotoka. Ufunguo wa kugongea ni siri yake. Ule wa kukagulia umewekwa hadharani kwenye intaneti. Bei ikiongezwa sifuri moja njiani, muhuri unakataa.

Ni sawa na barua ya mtendaji wa kijiji: muhuri unasema barua imetoka ofisini, hausemi ni mkono wa nani ulioiandika. Neno lako la siri likiibwa, mwizi naye atagongewa muhuri halali. Na tapeli aliyesajili jina linalopishana herufi moja na la kampuni anaweza kuwa na muhuri wake mwenyewe. Kwa hiyo akaunti mpya ihakikishwe kwa simu, kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.

Mahakama zetu zilianza mapema kukubali ushahidi wa kompyuta. Mwaka 2000, Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, alizipokea kumbukumbu za kompyuta za benki katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi ujumbe ulivyotunzwa na mtumaji alivyotambulika. Hapo muhuri ni msaada kwa aliyeitunza barua yenyewe. Karatasi iliyochapwa, au picha ya skrini, haibebi muhuri.

Upande wa pili hausemwi sana. Muhuri huu ulikusudiwa kukaguliwa barua inapofika, basi. Lakini unabaki nayo. Mwaka 2016 WikiLeaks walipotoa barua pepe zilizoibwa za John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, watu baki waliikagua mihuri na kuthibitisha kuwa nyingi ni halisi. Mwizi hakuhitaji kuaminiwa.

Mwaka 2020 Matthew Green, profesa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliitaka Google iwe inabadilisha funguo zake na kuzichapisha hadharani zile za siri zilizokwisha muda. Linashangaza, lakini lina mantiki: kila mtu akiweza kughushi muhuri wa zamani, barua ya zamani iliyoibwa haithibitishi tena kitu.

Sasa mfikirie katibu wa kikundi Idete anayemwandikia mwenzake bei ya chini kabisa ambayo wanachama wako tayari kupokea, pamoja na orodha ya wanaodaiwa mbolea. Ikivuja, mnunuzi hana haja ya kuuliza kama ni kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda wenye majina hayo, ila siri ikishatoka hairudi. Mambo kama hayo ni heri yakazungumzwa kikaoni. Barua ya mnunuzi yenye bei, hiyo isifutwe mpaka malipo yaingie.