Mpini Upitishao Nuru

Katika masoko ya Sana'a, mji mkuu wa Yemen, mnunuzi wa jambia hakuanza kwa kuyatazama makali yake. Aliushika mpini, akauinua kuelekea kwenye mwanga, akachunguza ukingoni, mahali palipo pembamba, aone kama nuru inapenya. Mpini wa pembe ya kifaru ulioshikwa na mikono ya baba na babu kwa miaka mingi hugeuka ukawa na rangi ya asali, na ukingo wake hung'aa kama taa iliyowashwa nyuma ya pazia. Wayemeni huuita mng'ao huo saifani. Ni kwa ajili yake mpini uliweza kuwa na thamani kubwa mno kuliko chuma ulichokishika.

Miaka ya 1970 Wayemeni wengi walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia, ambako mafuta yalikuwa yameleta fedha, na waliporudi na mishahara yao hata mtoto wa mkulima aliweza kununua mpini ambao zamani ulikuwa wa wakubwa tu. Pembe hizo zilitoka katika nchi zetu. Mwaka 1970 vifaru weusi wa Afrika nzima walikadiriwa kuwa 65,000. Ilipofika 1995 walikuwa wamebaki kiasi cha 2,400. Pembe nyingine zilikwenda Mashariki ya Mbali kufanywa dawa, lakini sehemu kubwa ilikuwa ya majambia. Yemen ilipiga marufuku kuingizwa kwa pembe mwaka 1982. Sisi Uganda tulikuwa na vifaru wa aina mbili, mweupe magharibi ya Mto Nile na mweusi huko kaskazini, Murchison na Kidepo. Kufikia 1983 hapakuwa na hata mmoja aliyebaki porini.

Nimeanza na habari hizo kwa kuwa mng'ao uliotafutwa Sana'a unaweza leo kupatikana juu ya meza ya fundi, kwa plastiki, bila ya risasi hata moja kupigwa. Na miongoni mwa walioujua ufundi huo mapema walikuwa askari.

KIOO CHA NDEGE

Mwaka 1933 kampuni ya Otto Röhm ya Darmstadt, Ujerumani, iliandikisha jina la Plexiglas. Ilikuwa ni plastiki ya akriliki, angavu kama maji ya chemchemi, yenye uzito wa karibu nusu ya uzito wa kioo. Waingereza nao, katika kampuni ya ICI, waliitengeneza na kuiita Perspex. Inapitisha kiasi cha asilimia 92 ya nuru inayoiangukia. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, pande zote zilifunika marubani na wapiga mizinga wa ndege kwa plastiki hiyo, na kila ndege iliyoanguka iliacha vipande vyake vimetapakaa.

Askari wa Marekani walivikusanya. Kwa msumeno, tupa na uvumilivu waligeuza vioo vya ndege kuwa mipini ya visu. Wengine walipanga vipande vya rangi mbalimbali kimoja juu ya kingine, wakachanganya na alumini ya ubavu wa ndege hiyo hiyo. Wengine walitengeneza vibao vya mshiko wa bastola ya Colt, wakaweka chini yake picha ya mke au mchumba. Kila kibao kilishikwa kwa skrubu mbili, kwa hiyo hapakuhitajika gundi, na picha ilibaki safi. Mipini hiyo imehifadhiwa hadi leo, na katika baadhi yake uso wa mwanamke wa mwaka 1944 bado unaonekana barabara, ingawa aliyeushika mpini amekwisha kuzikwa.

PLASTIKI IPI?

Hapa kwetu si lazima ndege ianguke. Mafundi wa mabango ya maduka hutupa vipande vya akriliki kila siku, na taa za nyuma za magari, zile nyekundu na za rangi ya machungwa, aghalabu ni akriliki vilevile. Ni nyembamba, lakini vipande viwili au vitatu vilivyogundishwa pamoja hutosha upande mmoja wa mpini.

Ipo plastiki nyingine angavu ambayo askari polisi anaijua kwa mkono wake: polikaboneti, iliyo katika ngao za kutuliza ghasia. Hiyo haipasuki hata ikipigwa kwa jiwe, lakini hukwaruzika upesi, na kuing'arisha ni kazi ya kumchosha mtu. (Mtunza stoo atakumbuka ngao ngapi alizotoa, fundi na atafute kipande chake kwingine. Hali kadhalika singe ya serikali ibaki na mpini wake.)

Ya tatu ni ile ya nyuzi za kioo zilizolowekwa katika epoksi na kushindiliwa kwa mashine, ambayo mafundi wa visu duniani huiita G10. Isipotiwa rangi huwa na kijani hafifu, nayo hupitisha nuru kama barafu. Kwa kisu cha kazi, mimi ningechagua hiyo. Kuna pia Ultem, iliyoletwa sokoni na kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1982, ambayo kwa maumbile yake ina rangi ya kaharabu na hailegei mpaka joto lipite digrii 200. Ukiushika mpini wa Ultem na kuuelekeza kwenye jua utaona rangi ile ile ya asali waliyoitafuta watu wa Sana'a. Bei yake, hata hivyo, si ya mshahara wa koplo.

KAZI YENYEWE

Mpini wa mti husamehe. Kutu kidogo, gundi iliyozidi, tundu lililokwenda upande: vyote hufunikwa na mti. Mpini unaopitisha nuru hauna pa kuficha, na kwa sababu hiyo kazi yake huanzia ndani, upande ambao fundi wa mti huupuuza. Ule ulimi wa chuma unaoingia kati ya vibao viwili lazima usafishwe kama bapa lenyewe, kwani kila alama ya tupa itaonekana kana kwamba ipo juu. Ukibaki na doa la kutu, doa hilo litakua chini ya plastiki, nawe utalitazama likikua bila ya kuweza kulifikia. Asiyetaka kuonyesha chuma na apake rangi upande wa ndani wa kibao, au aweke karatasi ngumu ya rangi katikati. Nyeupe huifanya plastiki ing'ae zaidi, nyeusi huizima.

Kutoboa ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Akriliki huanza kulegea kwenye joto la digrii 105 hivi, na keekee inayozunguka kwa kasi hulifikia joto hilo kwa dakika moja: plastiki huyeyuka, huing'ang'ania keekee, kisha hupasuka. Toboa polepole, tia maji, toa keekee mara kwa mara ili mabaki yatoke. Ncha iliyonolewa kwa ajili ya chuma huuma kwa pupa na kumega upande wa pili, kwa hiyo makali yake yapunguzwe kidogo kwa jiwe ili yakwangue badala ya kuchimba, na kipande cha mbao kiwekwe chini.

Tena, tundu liwe kubwa kidogo kuliko msumari utakaopita. Joto hutanua akriliki kiasi cha mara sita zaidi ya chuma. Mpini wa sentimita 10, ukitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi kwenye jua la mchana, tofauti ya digrii 30, hurefuka kwa karibu milimita 0.2, ilhali chuma kilicho ndani yake hakifiki milimita 0.04. Msumari uliobanwa sana hauachi nafasi kwa tofauti hiyo, na ufa huanzia hapo hapo kwenye tundu. Kwa sababu hiyo pia haifai kugonga ribiti kwa nyundo kama tufanyavyo kwenye panga. Tumia skrubu, au kipande cha shaba kilichotiwa gundi bila ya kugongwa.

Kuhusu gundi, epoksi inayokauka kwa saa 24 ni bora kuliko ile ya dakika tano, ambayo hukushika kabla ya viputo vya hewa kupata njia ya kutoka. Ipashe moto kidogo ili iwe nyepesi, ichanganye taratibu bila ya kuipiga kama mayai, na vibano visikaze hata gundi yote ikakamuliwa nje. Paruza kwa msasa uso utakaogundishwa. Wengi huogopa kwamba mikwaruzo hiyo itaonekana, lakini epoksi hupinda nuru karibu sawa na akriliki, hivyo ikijaa ndani ya mkwaruzo, mkwaruzo hupotea machoni. Kisichopotea ni kiputo. Na epoksi iliyo nyingi hugeuka manjano kwa jua baada ya miaka, jambo ambalo akriliki yenyewe hustahimili vizuri.

Jihadhari na spiriti, petroli na asetoni. Askari wengi husafisha kisu kwa kitambaa chenye petroli, na kwa mpini wa mti hakuna neno. Akriliki iliyokatwa hubaki na mkazo ndani yake, na ikiguswa na maji hayo hutoa nyufa ndogo ndogo nyingi kama utando wa buibui. Dawa yake ni kukipasha kibao moto wa digrii 80 kwa saa kadhaa kabla ya kukigundisha, kisha kukiacha kipoe polepole. Na baada ya hapo kukisafisha kwa maji na sabuni tu.

Kung'arisha kila askari anakujua. Msasa wa 120 kwa kutengeneza umbo, halafu 220, 400, 600, 1000, kila mmoja ukifuta alama za uliotangulia, na mwisho Brasso ile ile ya vifungo na mkanda wa gwaride. Aliyewahi kusugua kwayo kioo cha plastiki cha saa yake hahitaji kuelezwa zaidi. Ila hapa kuna hiari ya kufanya. Mpini uliong'arishwa mpaka mwisho ni mzuri kabatini, lakini mkono wenye jasho, mvua au damu ya mbuzi huteleza juu yake kuelekea kwenye makali, na watu wamekatwa vidole kwa uzuri huo. Kisu cha kazi kiishie kwenye msasa wa 400. Nuru bado itapita, ikiwa imetulia kama inayopita katika ukungu, na mkono utashika.

Vumbi la plastiki hizi lisidharauliwe. La nyuzi za kioo huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Piga msasa kwa maji, vaa barakoa, usifanye kazi hiyo katika chumba wanamolala watoto.

MPINI KWENYE KIZUIZI

Sasa nirudi kwenye pembe, maana jambo hili laweza kumkuta polisi wa mpakani au wa uwanja wa ndege. Tangu 2005 kuna vifaru weupe wa kusini, ambao sasa wanazaa, katika hifadhi ya Ziwa, wilayani Nakasongola, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imefikisha adhabu ya kuua au kuuza wanyama walio hatarini hadi kifungo cha maisha. Mtu akikamatwa na mpini wa rangi ya asali, yeye atasema ni plastiki. Huenda anasema kweli.

Tazama kwa lenzi ya kukuzia mahali palipokatwa. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani. Ni nyuzi zilizosongamana, na ncha zake huonekana kama vitone vingi, mfano wa burashi iliyonyolewa. Ubavuni nyuzi hizo huwa mistari inayokwenda sambamba. Pembe ya ng'ombe au ya nyati ina matabaka, haina vitone. Plastiki ya kumimina haina nyuzi kabisa, ila pengine kiputo cha duara au mshono wa kalibu. G10 nayo ina nyuzi, lakini zimefumwa kama kitambaa, zikikatana msalaba, na hakuna mnyama aliyefumwa hivyo.

Wapo wanaochoma kwa sindano ya moto: pembe hunuka nywele zilizoungua, plastiki hunuka kemikali. Jaribio hilo lina upungufu, kwani pembe ya ng'ombe pia hunuka nywele, na tena sindano huharibu kielelezo. Vitone navyo havitoshi peke yake. Mwaka 2019 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Fudan walionyesha kwamba singa za farasi zikiunganishwa kwa hariri iliyoyeyushwa hufanya kitu kinachofanana sana na pembe ya kifaru, hata kwa darubini. Kwa hiyo lenzi humpa askari sababu ya kukizuia kitu, na uamuzi huachiwa wataalamu wa wanyamapori na maabara. Kielelezo kifungwe kikavu katika karatasi, kiandikwe tarehe, mahali na jina la aliyekipata, na mtu yeyote asikiguse tena kwa tupa wala msasa.