Senti ya Mwisho na Sinia la Futari
Kila Ramadhani tunaona majumbani mwetu sinia la futari likifurika sambusa, ilhali ada ya madrasa ya mtoto haijalipwa. Mjerumani Hermann Heinrich Gossen aliandika mwaka 1854 kwamba kadiri mtu anavyozidi kutumia kitu kimoja, ndivyo faida ya kila nyongeza inavyopungua. Basi pato humfaa zaidi pale senti ya mwisho inapoleta manufaa sawa popote ilipotumika. Sambusa ya kwanza hutuliza njaa. Ya sita hulala sahanini, na bei yake ingepunguza deni la ada. Surat Al-Furqaan, aya ya 67, yawasifu watumiao kwa wastani, pasi na israfu wala ubakhili. Wazazi wenzetu, kabla ya kwenda sokoni tujiulize: senti hii ya mwisho inahitajika zaidi wapi?