Siviksi ya daftarini, muhuri wa mtaani

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu huko Mbagala, Temeke. Juzi usiku aliniomba nimsikilize akijisomea siviksi, kesho yake wana jaribio. Nikashika daftari. Mihimili mitatu ya dola aliitiririsha kwa Kiingereza bila kumeza mate, kila mhimili na kazi zake kama zilivyoandikwa ubaoni. Akavuka bahari hadi Marekani: maseneta 100, wawili kila jimbo. Nikampa heko. Kisha nikamuuliza kwa Kiswahili, mwenyekiti wa mtaa wetu ni nani?

Akamtaja mjumbe.

Tusimcheke. Watu wazima wengi wanakosea hapohapo. Mjumbe, au balozi wa nyumba kumi, ni mtu wa chama. Mfumo huo uliletwa na TANU miaka ya 1960, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 balozi akabaki kuwa kiongozi wa shina la CCM. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayepigiwa kura na wakazi. Mtendaji, yule mwenye meza na mafaili, hapigiwi kura na yeyote. Ni mwajiriwa wa halmashauri. Lakini Tandika kama Bunju, ukimuuliza mtu anatoka wapi na karatasi yake, atakwambia katoka kwa mjumbe. Na wakati mwingine ofisi zenyewe ndizo zinazokoroga mambo: unafika kuomba barua ya utambulisho, unaulizwa kwanza kama umepita kwa mjumbe.

Barua hiyo ingetosha kuwa somo la wiki nzima. Utadaiwa barua hiyo ukiomba kitambulisho cha NIDA, na ukienda kumdhamini ndugu aliyeshikwa, usipokuwa nayo utazungushwa. Kijana ataihitaji mapema kuliko atakavyomhitaji seneta wa Texas.

Halafu kuna lugha. Katiba yetu ya mwaka 1977 imeandikwa kwa Kiswahili. Ibara ya 5, inayompa raia wa miaka 18 haki ya kupiga kura, hata mtoto wa darasa la saba anaisoma akaielewa. Akiingia sekondari anaipata kwa Kiingereza, mwalimu anamfafanulia kwa Kiswahili, naye kwenye mtihani anairudisha kwa Kiingereza. Ikifika karatasini imebaki mifupa. Baba yake alisoma Siasa, tena kwa Kiswahili. Sisemi turudi kule. Lile lilikuwa somo la chama kimoja, na kuhoji hakukuwa sehemu ya mtihani. Ila lugha yake ilieleweka. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na kwa hilo wizara inastahili pongezi.

Wamarekani nao wana lao. Mwaka 2015 Arizona ilikuwa ya kwanza kupitisha sheria kwamba mwanafunzi hamalizi sekondari bila kufaulu mtihani wa uraia, uliotungwa kutokana na yale maswali 100 ya wakati huo ya wageni wanaoomba uraia. Wakati huo alitakiwa apate 60. Maswali yanajulikana, majibu yanajulikana, kazi ni kukariri. Hapo mpwa wangu angepasua.

Kukariri lakini hakumwambii mtu lini ajiandikishe na wapi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulikuwa na orodha yake ya wapiga kura, iliyoandikwa mwezi Oktoba, mbali na daftari la kudumu la Tume ya Uchaguzi. Uliyekuwa na kadi ya mpiga kura mfukoni, kama hukujiandikisha mtaani, siku ile ulibaki mtazamaji.

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu ofisi ya serikali ya mtaa. Tukakuta kufuli. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye namba ya simu ya mwenyekiti na nyingine ya mtendaji. Akazisoma zote mbili, akaniuliza tofauti yao, nikamweleza tukiwa tumesimama juani.

Walimu wa siviksi wa Temeke na Kinondoni, kipindi kimoja tu kwa muhula wapelekeni watoto kwenye ofisi hizo. Nauli haihitajiki, nyingi mtafika kwa miguu. Msiende Jumamosi.