Anna, Ana au Hana? Jina la neema na herufi zake

Ukiita "Mama Anna!" sokoni hapa kwetu Maore, usishangae wakigeuka watu watatu. Jina hili lipo milimani na tambarare, kwa Walutheri, Wasabato na Wakatoliki, kwa bibi wa miaka themanini na kwa mtoto wa chekechea. Leo tunaeleza lilikotoka, maana yake, na kwa nini herufi moja tu inaweza kumsumbua binti yako miaka ishirini baadaye.

Maana yake

Anna linatokana na jina la Kiebrania, Hana, lenye maana ya neema au fadhili. Mzizi huohuo umezaa Yohana, yaani "Mungu amefadhili", na Hanania, yule kijana wa kitabu cha Danieli aliyepewa Babeli jina la Shadraka. Kwa hiyo nyumba yenye Anna na Neema ina mabinti wawili wenye jina la maana moja, ingawa Neema limetujia kwa njia ya Kiarabu.

"H" ya mwanzo ilipotelea njiani. Kwa Kiebrania hutamkwa kutoka kooni, kama ile ha ya Kiarabu wanayoijua waliosoma madrasa. Wagiriki hawakuwa na herufi ya sauti hiyo, wakaandika Anna, na Ulaya ikalipokea hivyo. Ndiyo maana Biblia ya Union ya 1952 ina Hana katika Agano la Kale, lililotoka kwenye Kiebrania, na Ana katika Injili ya Luka, iliyotoka kwenye Kigiriki.

Wanawake watatu

Hana wa kwanza ni mke wa Elkana. Hakuwa na mtoto, na mke mwenzake Penina alimchokoza kwa hilo. Aliomba kule Shilo hadi kuhani Eli akadhani amelewa. Baadaye alimzaa Samweli, akamtoa kwa Mungu kama alivyoahidi. Kwa Kiswahili jina lake liligongana na hali yake: Hana alikuwa hana.

Wa pili ni Ana nabii, mjane mzee aliyekuwa hekaluni Yerusalemu Yesu alipoletwa akiwa mchanga. Baba yake aliitwa Fanueli, jina ambalo kwetu Upare si geni hata kidogo.

Wa tatu ni mama yake Mariamu, ambaye Biblia haimtaji. Wakatoliki humwita Mtakatifu Anna na humkumbuka kila 26 Julai pamoja na mumewe Yoakimu. Waislamu nao wanamjua kama mke wa Imrani. Kurani, sura ya 3, inasimulia alivyoweka nadhiri ya mtoto aliyekuwa tumboni, bila kumtaja jina, na mapokeo ya Kiislamu humwita Hanna.

Lilifikaje kwetu?

Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifungua kituo Shigatini, Upare Kaskazini, mwaka 1900. Wasabato kutoka Ujerumani walianza Giti, Mamba, mwaka 1903. Wakati huo Anna lilikuwa jina la kawaida sana Ujerumani. Waliobatizwa walipata majina ya Biblia, na kwa kuwa wajukuu hurithi majina ya bibi na babu zao, Anna mmoja wa zamani aliacha kina Anna wengi.

Baadhi yao wamejulikana nchi nzima. Anna Kilango alishinda ubunge wa jimbo letu la Same Mashariki mwaka 2005. Anna Makinda alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, mwaka 2010. Anna Mghwira aligombea urais mwaka 2015, mwanamke pekee kati ya wagombea, kisha akawa Mkuu wa Mkoa wetu wa Kilimanjaro mwaka 2017.

Herufi na vyeti

Anna, Ana, Hana, Hanna, Ann na Anne: kwa masikio yetu ni ndugu, kwa kompyuta ni watu sita. Cheti cha kuzaliwa kikisema Ana, cha kidato cha nne Anna, na kitambulisho cha NIDA Hanna, binti atatakiwa kuthibitisha kwamba ni yeye yuleyule. Anayeomba mkopo wa elimu ya juu, kwa mfano, hutakiwa cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA. Hapo ndipo familia nyingi hugundua tofauti, siku za kuomba zikiwa zimebaki chache.

Basi fanyeni hivi. Kabla mtoto hajazaliwa, kubalianeni jina litaandikwaje, mliweke kwenye karatasi. Mkipewa tangazo la kuzaliwa hospitalini, lisomeni herufi kwa herufi kabla ya kuondoka. Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza, mwalimu anakili kutoka kwenye cheti, asiandike kwa kusikia. Tena ulizeni shuleni jina limeandikwaje kabla watahiniwa wa darasa la saba na kidato cha nne hawajasajiliwa.

Kama kosa limeshatokea, usingoje. Anzia kwa msajili wa vizazi na vifo wa wilaya, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Same, ukiwa na nyaraka zote ulizonazo. Huko utaelezwa kama panatosha kurekebisha cheti au inahitajika hati ya kiapo.

Anna ni jina zuri kwa n moja au mbili. Chagueni moja, mlishike.