Kitufe Kisicho na Jina

Kitufe kinaitwa cmdHifadhi. Jirani yake ni cmdFuta, na juu yao kuna txtKiasi, kisanduku ambamo karani wa chama cha akiba na mikopo huandika fedha anayoweka mwanachama. Herufi tatu za mwanzo hutaja aina ya kitu: cmd ni kitufe, txt ni kisanduku cha maandishi, lbl ni lebo. Zinazofuata ni Kiswahili. Aliyeiandika programu ya chama hicho, mkazi wa Dar es Salaam aliyeomba nisimtaje, aliniteremshia orodha nzima kwenye skrini, nikajikuta naisoma kama rejista ya darasa: kila mmoja ana jina lake, na akiitwa anaitika.

Vijana anaofanya nao kazi humwita Mzee. Programu aliijenga kwa Visual Basic 6, chombo ambacho Microsoft ilikitoa mwaka 1998 na kuacha kukihudumia mwaka 2008, mwaka uleule M-Pesa ilipoingia Tanzania. Bado inapiga kazi, maana hata Windows za leo huziendesha programu za namna hiyo. Ila wanachama sasa wanataka kuona salio kwenye simu, na ndiyo sababu Mzee anajifunza Flutter, chombo cha Google cha kujengea programu za simu.

Nilitegemea alalamikie lugha ngeni, au macho, au umri. Lalamiko lake la kwanza lilikuwa kwamba vitufe havina majina.

"Mimi nimezoea kuamuru," anasema. "Fomu haijajazwa? Naandika cmdHifadhi.Enabled ni False, kimezimika. Imejazwa? True, kimewaka. Huku namwita nani?"

Huku haitwi mtu. Katika Flutter skrini hairekebishwi kipande kwa kipande. Unaeleza inavyotakiwa kuonekana katika kila hali. Hali ikibadilika, maelezo yanasomwa upya na skrini inachorwa tena. Kuzima kitufe je? Hapo ndipo niliponaswa, na tangu siku hiyo jambo lenyewe halijanitoka. Kila kitufe hupewa kazi ya kufanya kikibonyezwa, mahali panapoitwa onPressed. Ukitaka kizimike hukiambii neno. Unakinyima kazi. Pale penye kazi unaweka null, yaani hakuna kitu, nacho kinageuka kijivu chenyewe.

Mzee aliitafuta Enabled hadi usiku wa manane. Asubuhi kijana mmoja akamwonesha null.

"Sasa hiyo ni adabu gani?" ananiuliza, nusu akicheka. "Mtu anyang'anywe kazi, halafu ajijue mwenyewe kwamba amezimwa?"

Wapo wanaosema mafundi wa programu za mezani ni wagumu wa kubadilika. Kwa niliyoyaona, sikubali. Vijana walipomtambia kwamba Flutter inaruhusu kubadili msimbo huku programu ikiendelea, aliwafungulia Visual Basic yake, akaisimamisha katikati ya kazi, akarekebisha mstari, akaiachia iendelee. Kwake hayo ni mambo ya karne iliyopita.

Penye haki anakiri. Katika programu ya zamani salio lilionekana kwenye fomu tatu, na likibadilika ilimpasa akumbuke kuisahihisha lblSalio ya kila fomu. Siku moja akasahau moja, mwanachama akasomewa salio la jana. Ugomvi uliofuata anaukumbuka mpaka leo. Katika Flutter salio amelihifadhi mahali pamoja, na skrini zote zinasoma hapohapo. "Hapo wamenishinda," anasema.

Kinachomkwamisha sasa hakihusu skrini. Hesabu ya riba imo ndani ya cmdKokotoa_Click, yaani kazi inayofanyika kitufe cha kukokotoa kikibonyezwa, imechanganyika na rangi za visanduku na ujumbe wa makosa, na wanaichambua mstari kwa mstari. Walipojaribu mkopo wa zamani katika programu mpya, jibu lilizidi kwa shilingi moja. Chanzo ni kukadiria: Round ya Visual Basic ikikuta nusu kamili huikimbilia namba shufwa iliyo karibu: 2.5 huwa 2, 3.5 huwa 4. Dart, lugha ya Flutter, huifanya 2.5 kuwa 3.

Kijana anasema Dart inakadiria kama tulivyofundishwa shuleni. Mzee anasema vitabu vya wanachama vimejaa hesabu za ile ya kwanza, na hakuna mwanachama aliyepewa habari kwamba nusu shilingi ina utaratibu wake. Bodi haikuulizwa. Hata yeye hakuamua; aliandika Round akaendelea na kazi nyingine.

Nilimwuliza ataandika ipi.

"Nikiiga ya zamani, naendeleza kitu ambacho hakuna aliyekipitisha. Nikifuata mpya, nabadili hesabu za watu bila idhini yao. Na nikilipeleka mkutano mkuu," akanitazama, "wewe ungepigaje kura juu ya nusu shilingi?"