Tulivyokwenda Chemka

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za chemchemi ya Chemka, ambayo wengine huiita Maji Moto, nayo iko uwandani katika Wilaya ya Hai, ng'ambo ya chini ya Boma Ng'ombe. Mwezi huu nataka kuwaeleza safari yetu ya kwenda huko, maana nilipata furaha na hofu katika siku moja, na yote mawili yafaa kujulikana na wazazi na waalimu.

Tulikuwa watoto 14 wa shule, na mwalimu mwenzangu, na mimi. Tulitoka Moshi asubuhi kwa basi, tukashuka Boma Ng'ombe katika barabara kuu iendayo Arusha. Hapo tukapata gari la kututeremsha uwandani, likatuacha njiani, na mwendo uliobaki tukaenda kwa miguu, yapata nusu saa. Nchi ile si kama vihamba vyetu. Huku mlimani tumezoea kivuli cha migomba, na maji ya mfongo yakipita karibu na mlango. Kule ni vumbi, na migunga yenye miiba, na jua kali. Watoto wakauliza, "Mwalimu, katika nchi kavu hivi maji yatatoka wapi?" Nikawajibu, "Ngojeni."

Mara tukaona miti mirefu ya kijani, mikuyu na mikindu, imesimama kama kisiwa katikati ya ukavu. Tukaingia kivulini, na tazama, bwawa la maji ya rangi ya samawati, safi hata mawe na mizizi iliyo chini yaonekana. Wala jina la Maji Moto lisiwadanganye: maji hayachomi, yana uvuguvugu tu. Wamo na samaki wadogo, nao hudonoa miguu ya mtu akikaa kimya ukingoni.

Lile swali la watoto lilikuwa jema. Maji yale asili yake ni mvua. Kilele cha Kilimanjaro kina kimo cha mita 5895, lakini mvua nyingi hainyeshi kule juu penye barafu, bali katika msitu ulio chini yake. Sehemu ya mvua huzama katika nyufa za mawe ya volkeno, husafiri gizani, kisha hububujika uwandani. Basi mtu akataye msitu juu aweza kukausha chemchemi ya mtu asiyemjua chini. Kutoka Chemka maji huingia katika mto Kikuletwa, hufika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960, kisha hushuka kwa mto Pangani hata Bahari ya Hindi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye neno zito. Niliyatazama maji yale, nikaiona chini yake, nikadhani si marefu, nikawapa watoto ruhusa ya kuingia. Sikuyapima hata kwa fimbo. Tena sikukumbuka kwamba maji safi huonyesha chini yake kuwa karibu kuliko ilivyo. Watoto wa mlimani wamezoea mito baridi iendayo mbio juu ya mawe, na mifongo ifikayo magotini, kuogelea hawakujua.

Nilikuwa nikigawa ndizi. Mtoto mmoja wa miaka 12 akateleza juu ya mzizi, akazama. Hakupiga kelele. Mimi siku zote nilidhani mtu azamaye hulia na kuita. Kumbe mara nyingi huenda kimya, kwa kuwa hana pumzi ya kuita. Aliyemwona ni kijana mchunga ng'ombe aliyekuwa akipumzika kivulini. Wenzake mtoto wakataka kurukia, naye akawakemea, "Msiruke! Atawavuta nanyi." Akalala kifudifudi juu ya mzizi, akanyosha fimbo yake ya kuchungia, mtoto akaishika, akavutwa. Alikohoa, akatapika maji, akalia. Sijapata kusikia kilio kilichonifurahisha kama kile. Jioni ile ile tulimpeleka kwa mganga hospitalini, maana maji yaliyoingia mapafuni huweza kudhuru baadaye, naye akaonekana mzima.

Usiku nikaenda kwa mama yake, nikamweleza yote, wala sikusema kwamba mtoto alikuwa mtundu, maana kosa lilikuwa langu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, ulimchukua mwanangu hajui maji. Mrudishe huko mpaka ayajue."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu mimi mwenyewe, mtu wa zaidi ya miaka arobaini, nilikuwa sijui. Basi katika likizo tulirudi mara nyingi, mimi na mtoto, na yule mchungaji wa ng'ombe akawa mwalimu wetu. Alituweka mahali maji yafikapo kiunoni, akatufundisha kwanza kutoa pumzi majini, kisha kuelea chali, kisha kupiga miguu. Mtoto alijua upesi. Mimi nilinywa maji mengi, na vijana walinicheka.

Waalimu wenzangu, msiwazuie watoto kwenda majini, maana watakwenda kwa siri. Lakini pimeni maji kwanza. Wapangeni watoto wawili wawili, kila mmoja amwangalie mwenzake. Chukueni fimbo ndefu au kamba. Na mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine yo yote ila kutazama. Ndizi na zigawiwe na mwingine.

Siku ya mwisho tulimchukua na mama. Alisimama ukingoni, kashika kanga yake kwa mikono miwili, mtoto akaelea chali mbele yake, macho yake juu. Mama alimtazama hata alipotoka majini, akamfuta kichwa kwa kanga ile, akaniambia, "Haya, Mwalimu. Sasa umemrudisha."