KENYA: KABLA YA KUWASHA JIKO LA HOTELI

Wafanyakazi wengi hupanga kufungua hoteli ya chakula kwa kiinua mgongo chao. Nchini Kenya, vibali hivyo viko mikononi mwa serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013. Ramani ya jengo ndiyo ya kwanza: choo, dohani na mlango wa dharura vionekane humo, maana Bwana Afya na zimamoto watavikagua. Ukijenga bila idhini, sheria ya mwaka 2019 inairuhusu kaunti kuamuru ubomoe, na akiba ya miaka 20 ikawa kifusi. Mlango wa dharura usitiwe kufuli kwa hofu ya wezi. Atakayenaswa ndani ni mpishi. Wapishi na wahudumu hupimwa afya kila miezi 6. Ada hiyo isikatwe mshaharani. Alipe mwenye hoteli.